Pipa Langu, Homa ya Jirani

Neno la msingi: Kumbukumbu la Torati 21:1-9
Soma pia: Kumbukumbu la Torati 22:8, Matendo ya Mitume 11:27-30, Mathayo 24 na 25



Jumapili moja mwezi wa Februari, kaskazi imepamba moto na mabati ya kanisa yanawaka juu ya vichwa vyetu, dada mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani alinisimamisha mlangoni tukitoka ibadani. Siku hiyo mtu wa afya alikuwa amepewa dakika 10 atuzungumzie mabadiliko ya tabianchi na magonjwa. Dada akaniuliza, "Mzee, mimi sina gari. Sina kiwanda. Stima yenyewe nalipa ya kuwasha taa mbili. Hao waliochafua hewa wako kwao wamekaa kwenye baridi. Mbona sisi ndio tunaambiwa tufunike mapipa? Kwani sisi tumemkosea nani?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Yeye hakucheka. Ni mmoja wa walioangushwa na chikungunya ilipoingia hapa Mombasa mwishoni mwa 2017, na miezi mingi baadaye alikuwa bado anaamka asubuhi vidole havikunjiki hata kushika kijiko.

Nilimwahidi nitamjibu. Nimechelewa, na sababu ni kwamba jibu lenyewe linanidai nikiri jambo mbele yenu.

Kijana wa nyuma ya ukuta

Mwaka 2021 homa ya dengi ilipozuka Mombasa, mimi nilikuwa katika huduma ya kutembelea wagonjwa. Nyuma ya ukuta wetu, huku Kisauni, aliishi kijana mmoja na shangazi yake. Kijana akashikwa na homa kali, macho yanauma kwa ndani, mgongo na magoti hayamwachii. Akapimwa malaria, hakuna. Akapimwa tena, hakuna. Na mtaa wetu si mnaujua: ugonjwa ukikosa jina maabara, hupewa jina kibarazani. Wakaanza kusema amefanyiwa kitu.

Tulikwenda watu wanne. Tukaomba, na kuomba hakukuwa kosa. Kosa lilikuja baada ya maombi. Mimi, kwa kinywa changu, nilisema hii si homa ya kawaida, ni vita. Nikamwagiza afunge siku tatu, bila chakula wala maji. Na kwa kuwa maumivu yalikuwa yanamtesa usiku, mmoja wetu akamnunulia dukani vidonge vikali vya maumivu, vile ambavyo kila mtu humeza akiumwa mgongo.

Siku ya tatu ufizi ukaanza kutoa damu. Tumbo likauma. Akawa amelegea kama nguo mbichi. Shangazi yake, ambaye alikuwa amenyamaza kwa heshima ya wazee wa kanisa, hakutuuliza tena. Alisimamisha tuktuk akampeleka hospitali. Daktari alisema ni dengi, na kwamba kitu cha kwanza alichohitaji kijana ni kile tulichomkataza: maji. Akasema pia kwamba vidonge vya aina ya ibuprofeni na aspirini vinaweza kuzidisha kutoka damu kwa mgonjwa wa dengi, na kwamba angepewa Panadol tu. Kijana alipona. Namshukuru Mungu kila nikimwona akipita na pikipiki yake. Lakini najua kwamba angekufa, mimi ningesimama kwenye mazishi yake na kusema Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Hadithi haijaisha. Wiki iliyofuata mhudumu wa afya wa kujitolea alipita nyumba kwa nyumba. Akaomba kuona maji yangu. Nikampeleka nyuma ya jikoni, kwenye pipa langu la lita 200, ambalo nilikuwa nimelijaza kwa sababu mfereji ulikuwa haujatoa maji kwa wiki mbili. Akawasha tochi ya simu. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza humo kama watoto kwenye bahari ya Jumapili. Kutoka pipa lile hadi dirisha la kijana ni hatua 15.

Nikajitetea. Nikamwambia, "Lakini mama, huwezi kuthibitisha mbu aliyemuuma alitoka kwangu."

Akanijibu, "Siwezi, Mzee. Lakini pipa ni lako."

Ugonjwa wenye jina la pepo

Hebu tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa wenyewe, maana wengi wetu tunauogopa bila kuujua.

Pwani yetu imeujua ugonjwa wa namna hii kwa miaka mingi. Katika karne ya 19 daktari mmoja Mskoti aliyeitwa James Christie alifanya kazi Unguja, na aliandika juu ya homa iliyoenea huko mwaka 1870. Wazee walimwambia kwamba walikuwa wameiona tena zamani, kwenye mwaka 1823. Watu wa Unguja waliiita kidinga pepo. Wako wanaosema hata neno dengi, ambalo sasa linatumika dunia nzima, lilitokana na jina hilo la Kiswahili. Chikungunya nayo ilipata jina lake kwa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, katika mlipuko wa 1952 na 1953, likiwa na maana ya kujikunja, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyompinda mtu.

Mnaona wazee wetu walivyosema? Mtu anaanguka ghafla, anapindika, hakuna jeraha. Wakasema ni pepo. Siwalaumu, hawakuwa na hadubini. Mimi nilikuwa na redio, simu, na hospitali iliyo safari ya tuktuk, na bado nilisema maneno yale yale.

Mbu anayebeba magonjwa haya mawili si yule wa malaria. Huyu ana madoadoa meupe miguuni, na huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Ndiyo maana neti ya usiku peke yake haitoshi. Hapendi mtaro mchafu sana. Anapenda maji yaliyotulia ya nyumbani: pipa, mtungi uliokatwa, tairi kuukuu, kopo la maua, tangi lisilo na kifuniko. Hutaga mayai kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji. Mayai yakikauka hayafi. Yanaweza kukaa miezi mingi yakingoja maji, na ndiyo maana kumwaga maji bila kusugua ukuta wa pipa ni kazi nusu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja au siku 10. Na haruki mbali. Wengi wao huishi na kufa ndani ya mita 100 au 200 kutoka walipozaliwa. Yaani mbu aliyekuuma wewe hakuja kutoka Mariakani. Ni mbu wa kwako au wa jirani yako.

Sasa tabianchi inaingia wapi? Joto likizidi, mbu hukua haraka na virusi hukomaa haraka ndani yake. Mvua ikikosekana, mfereji unakauka na sisi tunaweka maji kwenye mapipa. Mvua ikija kwa kishindo, kila kopo na kila tairi linajaa. Tumeyaona yote kwa miaka michache tu: ukame mrefu uliopiga nchi yetu kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, kisha mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, kisha mafuriko ya masika ya 2024. Mafuriko yakija vyoo vya shimo vinachanganyika na visima, na kuhara kunaanza. Sisemi kila homa imeletwa na tabianchi. Mji umekua ovyo, takataka zimezidi, maji ya mfereji hayatoshi. Lakini hali ya hewa imeongeza kuni kwenye moto uliokuwa unawaka tayari.

Neno la mwenye kiwanda kinywani mwangu

Turudi kwa jibu nililompa yule mama wa afya: huwezi kuthibitisha alitoka kwangu. Usiku ule sikulala vizuri. Nilihisi nimewahi kulisikia jibu hilo mahali.

Ni jibu la wenye viwanda. Nenda kwa mwenye bomba la moshi huko mbali umwambie kaskazi ya Mombasa imezidi ukali. Atakuuliza, unathibitishaje ni moshi wangu mimi na si wa yule mwingine? Na huwezi. Moshi ukishapanda juu haubaki na jina la mwenyewe. Mbu naye akishatoka pipani haandikwi jina la pipa.

Dada yetu ana haki ya kukasirika. Kenya yetu yote inachangia chini ya asilimia 1 ya gesi zinazopasha dunia joto. Haki ni haki, na mtu wa Mungu haogopi kuidai. Mwaka 2022 mataifa yalipokutana Sharm el-Sheikh, Misri, yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kuzisaidia nchi zinazoumia kwa madhara ambayo hazikuyasababisha. Tuwadai watimize. Kudai si kukosa imani.

Ila Mtume Paulo, mwanzoni mwa Warumi 2, anamwonya mtu anayemhukumu mwenzake kwa jambo ambalo yeye mwenyewe analitenda. Mimi nilikuwa nimemkasirikia mwenye kiwanda kwa kujificha nyuma ya neno "thibitisha", kumbe nami nimejificha hapo hapo, tena hatua 15 kutoka kwa mgonjwa. Sisemi makosa haya yana uzito mmoja. Pipa si kiwanda. Mimi nilijaza maji kwa sababu mfereji ulikuwa mkavu, yeye anachoma makaa apate faida. Lakini kisingizio ni kimoja. Na mtu akitumia kisingizio kwa jambo dogo, hana ulimi wa kukikataa kwa jambo kubwa.

Wazee wenye kamba ya kupimia

Hapo ndipo Bwana aliponipeleka kwenye Kumbukumbu la Torati 21. Naomba muisome nyumbani, mistari ile tisa ya kwanza. Ni sheria ambayo wengi tunairuka.

Maiti inapatikana shambani. Mtu ameuawa na hakuna anayejua ni nani aliyemuua. Hakuna shahidi. Sisi tungesema basi, kesi imekwisha, kila mtu arudi kwake. Mungu hakusema hivyo. Aliamuru wazee na waamuzi watoke nje na kupima umbali kutoka maiti hadi miji iliyo jirani. Mji ulio karibu zaidi, wazee wake ndio wanaobeba jambo lile. Wanachukua ndama jike ambaye hajawahi kufanyishwa kazi, wanashuka naye bondeni penye maji yanayotiririka, wanamvunja shingo, wananawa mikono juu yake. Kisha wanatamka mbele za Mungu kwamba mikono yao haikumwaga damu ile wala macho yao hayakuona, na wanaomba watu wake wasamehewe.

Angalieni jambo hilo vizuri. Wazee hawa hawakuua. Hakuna anayewashtaki. Lakini Mungu hakuruhusu damu ikae shambani bila mwenyewe kwa sababu tu muuaji hajulikani. Swali la "nani amefanya" liliposhindikana, Mungu aliweka swali la pili: nani yuko karibu? Na akataka lipimwe kwa kamba, maana angewaachia hivi hivi, kila mji ungesema ule mwingine ndio ulio karibu.

Walimu wa Kiyahudi wa kale waliuliza swali zuri juu ya mistari hii. Kwani kuna anayedhani wazee wa mji ni wauaji? Wakaeleza kwamba wazee walikuwa wanatamka hivi: mtu huyu hakupita kwetu tukamwacha aende bila chakula, wala hatukumwona tukamwacha ashike njia bila wa kumsindikiza. Yaani mtu anaweza kuwa na mikono safi ya kisu na bado akawa na deni la mlango aliofunga.

Nikajiuliza kama ningeweza kutamka maneno yale. Mikono yangu haikumwaga damu, sawa. Lakini macho yangu hayakuona? Nilikuwa napita kwenye pipa lile kila asubuhi nikienda kuoga.

Sura inayofuata, mstari wa 8, inaleta sheria nyingine fupi. Ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kwenye dari yako, mtu asije akaanguka ukaleta hatia ya damu juu ya nyumba yako. Watu wa Kisauni na Likoni wanaomimina slabu wanaelewa. Mungu hangoji mtu aanguke ndipo aulize ukingo uko wapi. Kifuniko cha pipa ni ukingo wa siku zetu.

Je, maombi hayatoshi?

Najua kuna ndugu anasoma hapa na moyo wake unasema, Mzee ameanza kupoa, sasa anahubiri mapipa. Nakujibu kwa upendo, mpendwa. Naamini Mungu anaponya. Nimeona kwa macho yangu. Lakini hebu tazama kanisa la Antiokia katika Matendo 11. Nabii Agabo alisimama akatangaza kwa Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Huo ulikuwa unabii wa kweli, na njaa ikatokea wakati wa Kaisari Klaudio. Kanisa lilifanya nini? Luka hatuambii kwamba waliikemea njaa. Hatuambii kwamba walibishana ni nani aliyeileta. Anatuambia kila mmoja alitoa kwa kadiri alivyoweza, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Waliojaa Roho walipewa habari mapema, nao wakazigeuza kuwa msaada kabla ya njaa kufika.

Sisi tunatangaziwa kila msimu. Kabla ya vuli ya 2023 tulitangaziwa El Niño. Tukabishana, wengine tukacheka, mvua ikaja. Ukipewa habari na ukakaa nazo, zinabaki na wewe kama deni.

Mwingine anasema hizi ni siku za mwisho, mambo haya lazima yatokee. Kweli, yamo katika Mathayo 24. Lakini Bwana Yesu hakumaliza hotuba yake kwenye sura ya 24. Aliketi pale pale Mlima wa Mizeituni akaendelea na sura ya 25, na mwisho wake ni wale walioulizwa juu ya mwenye njaa, mwenye kiu na mgonjwa. Anayetumia sura ya 24 kukwepa ya 25 hajaisoma hotuba yote.

Birika la ubatizo

Tulipoamua kama kanisa kuanza kukagua mapipa, vijana walitaka kuanzia mitaani. Mama mmoja wa idara ya usafi akasema tuanzie kwetu. Tukacheka, lakini tukazunguka kiwanja. Tairi tatu nyuma ya choo. Mfereji wa mabati uliozibwa na majani. Na kwenye birika la ubatizo, ambalo tulilitumia wiki tatu kabla na hakuna aliyekumbuka kulimwaga, viluwiluwi vimejaa. Mahali tulipowazamisha watu wafe na kufufuka pamoja na Kristo, tulikuwa tunafuga homa ya mtaa mzima. Hakuna aliyecheka tena.

Na mbu wa birika lile hawakuwa wanauma Wapentekoste peke yao. Ng'ambo ya barabara kuna madrasa. Mbu haulizi mtu anaswali wapi. Tulikwenda kwa mwalimu wa pale, tukamwambia tuliyoyakuta, tukaomba radhi. Alitukaribisha kahawa. Jumamosi iliyofuata watoto wake na vijana wetu walisugua mapipa pamoja, upande huu na upande ule.

Jambo moja nataka lieleweke, maana nisipolisema somo hili litageuka fimbo ya kuwapigia maskini. Mama aliyepanga chumba kimoja Chaani au Mtongwe, anayenunua maji ya mkokoteni, hakuacha pipa wazi kwa uvivu. Kifuniko ni pesa. Maji ya kumwaga kila wiki ni pesa. Ukimwambia amwage pipa zima bila kumpa njia, umemtwisha mzigo usiougusa hata kwa kidole. Ndiyo maana mashemasi walitenga sehemu ya sadaka ya msaada kwa ajili ya wavu na vifuniko. Mafundi wetu walikata mabati mabovu. Kitambaa kizito kilichofungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli kinafaa pia. Na usimwage maji mazuri: yatumie hadi yapungue, hamishia yaliyobaki kwenye mtungi safi, sugua kuta za pipa, kisha jaza upya na funika. Mara moja kila wiki. Mbu anahitaji kama siku saba, na sisi Mungu ametupa juma la siku saba. Jumamosi kabla ya Jumapili inatosha.

Tulimaliza pia mfungo wa maji kwa wagonjwa. Mwenye homa halazimishwi kufunga, tutafunga sisi kwa ajili yake. Anakunywa maji, anakwenda kupimwa, na sisi tunaomba tukiwa naye kwenye foleni. Homa ikishuka kisha tumbo likaanza kuuma sana, kutapika kusikokoma, damu puani au kwenye ufizi, hapo hakuna kungoja asubuhi.

Na joto lenyewe tusilidharau. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki, na mwili unashindwa kujipoza. Wanaoumia kwanza ni wazee, watoto wachanga, vibarua wanaobeba mizigo juani, na akina mama wajawazito. Jirani zetu wa Kaunti ya Kilifi, watafiti waliwasikiliza akina mama wajawazito juu ya kuteka maji na kubeba kuni katika joto kali, na sehemu ya kazi yao ikawa ni kuzungumza na waume na akina mama wakwe wawapunguzie kazi. Halikuhitaji mashine. Lilihitaji mume abebe mtungi. Ndugu zangu wanaume, mnaosema amina kwa sauti, hilo ni lenu. Ibada ya mchana miezi ya kaskazi tumeisogeza asubuhi, na maji ya kunywa yanakaa mlangoni, hata kama mhubiri amenoga.

Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wale tunaowaita CHP. Akibisha mlangoni kwako, mfungulie. Usimwambie "sisi tumeokoka". Mwonyeshe pipa.

Jibu langu kwa dada

Dada yangu, uliniuliza tumemkosea nani. Kwa habari ya ule moshi mkubwa, sina kosa lako ninaloliona. Waliouleta watajibu, hapa duniani ikiwezekana, na mbele za Bwana bila shaka. Tutaendelea kudai, na tutaendelea kuomba mifereji yetu itoe maji, kwa barua na kwa kuhudhuria mikutano ya wananchi, kwa sababu mji wenye maji kwenye mfereji hauhitaji mapipa mengi.

Lakini wewe uliyekosa usingizi kwa vidole vyako unajua homa hii inavyouma. Mtoto wa jirani yako hajui bado. Kamba ikinyooshwa kutoka kitanda chake, itafika kwanza nyumba ipi? Hilo ndilo swali ninaloweza kulijibu mimi, na ndilo nililoshindwa kulijibu mwaka 2021.

Nilimwendea yule kijana nikamwomba msamaha mbele ya shangazi yake. Kijana alisema ni sawa. Shangazi alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Na pipa umelifunika?" Nikamwambia twende akaone.

Maombi

Baba, tusamehe kwa macho yaliyoona yakapita. Tufundishe kuomba bila kukwepa, na kufanya kazi bila kuacha kuomba. Waponye wagonjwa wa mtaa huu, wa kanisa letu na wasio wa kanisa letu. Uwaguse wenye nguvu katika mataifa watende haki. Na utupe sisi wepesi wa kutenda kwa lililo karibu nasi, katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Je, umewahi kumwambia mgonjwa neno la kiroho lililomzuia kutafuta tiba? Ulifanya nini baadaye?
2. Katika Kumbukumbu la Torati 21, kwa nini Mungu aliwapa wajibu wazee ambao hawakuua?
3. Kikundi kizunguke nyumba ya mwenyeji wenu kabla ya kufunga kwa maombi. Mmekuta maji yaliyosimama wapi? Nani katika ushirika wenu hana uwezo wa kununua kifuniko?